Hiyo bure inaanzia wapi? Niliyoongea na akina mama wa vikoba, Ngamiani

Nimeombwa niiandike hotuba hii niliyowapa akina mama wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, hapa Ngamiani, Tanga mjini, kwa ambao hawakuwepo siku ile. Nimeiacha hivyohivyo kama ilivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale spika ilipokuwa inapiga mluzi nikawa narudia maneno.

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu mliokaa huku mbele. Na nyie vijana mnaochungulia mlangoni ingieni, viti vipo, habari yenyewe sio ya akina mama peke yao hata kama waliolipia ukumbi ni akina mama.

Mwenyekiti kaniambia nina nusu saa, alafu akacheka, mana ananijua. Mimi nimekuwa nesi mkunga mpaka nikastaafu, nimefanya kazi zahanati za mkoa huu wa Tanga, za huko juu milimani kwenye baridi na za huku pwani kwenye mbu, majina ya vituo sitataja kwasababu sikuja kumchongea mtu, na wengi niliofanya nao kazi bado wako kazini wanahangaika. Nimekuja na swali moja tu. Huduma ya bure inaanza kuwa bure kuanzia wapi?

Mana kwenye karatasi imekaa vizuri. Mjamzito bure, mtoto wa chini ya miaka mitano bure, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo bure. Haya sio maneno ya kampeni, yamo kwenye Sera ya Afya ya mwaka 2007. Na mwaka huohuo ukaanza ule mpango wa MMAM, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliosema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Ulikuwa mpango wa miaka kumi, yaani mpaka 2017 tuwe tumemaliza. Nani hapa kijiji alichozaliwa hakina zahanati mpaka leo? Nyosheni mikono. Haya shusheni, nimeona.

Sasa hiyo bure imeandikwa kuanzia dirisha la zahanati. Lakini mgonjwa haoti pale dirishani jamani. Mgonjwa anatoka nyumbani kwake, kuna bodaboda hapo katikati, kuna watoto wa kuachia jirani, kuna siku ya kibarua inayopotea, kuna dawa ambayo haipo, kuna kurudi. Hayo yote hayamo kwenye sera na hayo ndo yanayoamua nani anatibiwa na nani anakaa nyumbani anakunywa mwarobaini mpaka azidiwe.

Niwape mfano wa mama mmoja, ni wa vijiji vya ndani huko Mkinga, mbali na lami. Mtoto wake ana miaka mitatu, usiku kachemka homa. Mume yuko porini kwenye mkaa, simu haishiki. Asubuhi mama anakopa hela kwa jirani, anapanda bodaboda na mtoto mgongoni, wale wengine wawili kawaacha kwa huyohuyo jirani ambaye naye alikuwa aende shamba, kwahiyo hapo tayari kaya mbili zimesimamisha kazi. Anafika zahanati saa nne, foleni ipo, nesi yuko peke yake. Mtoto anatobolewa kidole, kipimo kinasoma malaria. Kipimo bure, kweli. Kuonana na mganga bure, kweli. Anafika dirisha la dawa anaambiwa mama, mseto, ile dawa ya malaria, umeisha, kanunue nje. Bure yenyewe ikaishia hapo.

Anakwenda duka la dawa, hela aliyonayo akitoa nauli ya kurudi haitoshi dozi nzima. Muuzaji anamkatia. Mnacheka, mana wote mnajua kukatiwa. Dozi ya mseto ni mara sita ndani ya siku tatu, sio mpaka homa ishuke, mara sita. Yeye kapata ya siku moja na nusu, na hata hiyo homa iliposhuka mtoto akaanza kucheza, kidonge kilichobaki mama akakitia kwenye kikopo mana mdogo wake naye huwa anaugua. Mtamlaumu? Mi simlaumu, ningekuwa mimi na hela ile ningefanya vilevile. Baadaye mtoto karudi kalegea, viganja vyeupe, damu imeisha, sasa sio habari ya zahanati tena, ni hospitali, ni kuongezewa damu, ni kulazwa, ni ndugu wa kuchangia damu nao wapande gari waje. Mbuzi wawili walikwenda. Mtoto alipona alhamdulillahi, ila nyumba ile ilibaki haina cha kuuza.

Chukua sasa mtoto mwingine wa umri uleule, homa ileile, anakaa Chumbageni hapo mjini, baba yake ana kadi ya bima ya kazini. Bajaji, hospitali ya binafsi, daktari, dawa zote kwenye kifuko, mchana yuko nyumbani anaangalia katuni. Mzazi katoa nini mfukoni? Hela ya bajaji. Kwahiyo mwenye mshahara katoa hela ya bajaji, na yule asiye na mshahara, ambaye ndo kaandikiwa bure, katoa mbuzi wawili. Mkoa mmoja huu huu, ugonjwa mmoja.

Na msidhani ni laana ya kwetu. Kuna daktari mmoja wa Wales kule Uingereza, Julian Tudor Hart, alikuwa anatibu wachimba makaa ya mawe kwenye kijiji kidogo, mwaka 1971 akaandika kwenye jarida la madaktari la The Lancet kwamba huduma nzuri ya afya inakwenda kinyume na uhitaji, wanaoihitaji zaidi ndo wanaoipata kidogo, na hali inazidi pale soko linapoachiwa liamue. Huyo anaongea kuhusu Uingereza yenye NHS yake, ule mfumo wa taifa wa matibabu ya bure, sio sisi. Mi nilipokuja kusoma habari zake nilishangaa, nikajiuliza huyu mzungu amekaa Kilindi kwetu lini.

Kwa kuwa nimegusa malaria niseme hili dogo linalonikera. Chanjo ya kwanza ya malaria, ile RTS,S, majaribio yake makubwa yalifanyika nchi saba za Afrika, na kwa Tanzania yalifanyika Korogwe na Bagamoyo. Korogwe hii hii yetu. Watoto wetu walitoa damu, mama zao walikwenda kliniki kwa uaminifu, ilikuja kusaidia dunia nzima. Mwaka 2019 chanjo ilipoanza kutolewa kwa watoto wengi kwa mara ya kwanza, ikaanzia Malawi, Ghana na Kenya. Hatuwaonei kijicho wenzetu, watoto ni watoto, na nchi zilizochaguliwa zilikuwa na sababu zake. Lakini wewe mama wa Korogwe uliyempeleka mwanao kwenye majaribio, chanjo ilipoanza haikuanzia kwako. Haya tuendelee.

Vijana huwa wananiuliza mbona zahanati na hospitali zimejaa upande mmoja na upande mwingine hamna. Jibu lake ni la zamani sana. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893, na reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka huohuo. Wajerumani wakajenga hospitali pale Bombo, juu ya bahari, kwenye upepo mzuri. Wamisionari wakawa na yao Magila, Muheza. Na mashamba ya mkonge yakawa na zahanati zake kwasababu mkata mkonge akiugua hakati kitu, na meneja anataka mkonge. Kwahiyo matibabu yalifuata reli na yalifuata shamba, hayakufuata wagonjwa. Wewe uliyekaa ambako reli haikupita, Kilindi huko, au milimani Lushoto huko mwishoni kabisa Mtae, dawa yako ilikuwa bibi yako na mizizi yake.

Baada ya Azimio la Arusha 1967 mashamba mengi yakataifishwa, miaka ya 70 zahanati zikaanza kujengwa vijijini kweli, na mwaka 1978 dunia nzima ikakutana Alma-Ata, huko Kazakhstan, siku hizo ni Muungano wa Kisovieti, ikasema huduma ya afya ya msingi ifike kwa wote ifikapo mwaka 2000. Tanzania tulikuwa tumeshaanza. Ila mkonge ukaanguka bei, kamba za plastiki zikaja, mashamba yakafa na zahanati zake zikafa nayo, nyingine leo zina mbuzi ndani. Serikali nayo ikaishiwa. Mwaka 1993 ukaanza uchangiaji kwenye hospitali kubwa, ndo hayo malipo ya dirishani mnayoyajua, yakashuka taratibu mpaka huku chini. Wazee hapa mbele wanatikisa vichwa, wanakumbuka. Kabla ya hapo ulikuwa unakwenda na daftari tu.

Nisionekane mama wa lawama, mana yapo makubwa yaliyofanyika na mimi nimeyaona kwa macho. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 unaonyesha wanawake 81 kati ya 100 wanajifungulia kwenye kituo cha afya, ule wa 2015 na 2016 walikuwa 63. Vifo vya akina mama kwenye uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja mpaka 104. Mimi niliyekaa leba najua ile 556 ilikuwa na sura gani, kwahiyo aliyefanya kazi ile ikashuka nampigia makofi, na nyie pigeni. Pigeni basi!

Lakini mimi kila nikisikia 81 naulizia hao 19. Hao 19 hawajatawanyika sawasawa kila mtaa eti wawili Chumbageni wawili Raskazone. Wamekaa pamoja. Ni walewale wa vijiji vya mbali, ni wale ambao mvua ikinyesha bodaboda haipiti, ni mke wa mfugaji anayehamahama, ni binti wa miaka kumi na sita anayeogopa kutukanwa na nesi. Ukichukua wastani unawaficha. Ndo maana nasema viongozi wakija na wastani muwaulize, wapi?

Pangani mnaijua. Hospitali ya wilaya iko mjini, upande huu wa mto. Bweni, Mwera, Mkwaja wako ng'ambo. Mama akishikwa na uchungu usiku ng'ambo ya mto, kilomita za kwenye ramani hazimsaidii kitu, kinachomhusu ni kivuko na mtu wa kivuko. Daraja linajengwa, la mita 525, likiisha litaokoa watu na sio watalii tu kama wengine wanavyodhani. Nimewahi kuvuka na mjamzito kwenye kile kivuko, nimekaa nae chini amenishika kanga, tumezungukwa na magunia ya mkaa na watu wanajifanya hawatuoni. Alijifungulia upande wa pili salama.

Na hapa niwape kitu cha kuandika, aliye na simu aandike. 115. Hiyo ni namba ya bure ya mfumo wa M-mama, kwa mjamzito aliyepata dharura, aliyejifungua karibuni akapata shida, na kichanga. Unapiga, wanauliza hali ya mgonjwa, wanaangalia ambulensi iko wapi, kama ambulensi haipo karibu wanamwita dereva wa jamii ambaye ameshasajiliwa, huyo dereva analipwa na mfumo, sio na wewe. Usimlipe. Narudia, usimlipe. Wangapi walikuwa wanaijua hii namba? Hapa mjini wengi eeh. Sasa mkapige simu kwa dada zenu kijijini leo usiku, mana nimegundua namba hii inajulikana zaidi na watu wanaokaa karibu na hospitali kuliko wanaokaa mbali nayo, na wale wa mbali wengine mpaka wapande kilima ndo mtandao ushike. Nendeni mkawaonyeshe kilima kiko wapi kabla ya siku yenyewe.

Habari ya wazee. Msamaha wa mzee asiye na uwezo upo, lakini inabidi athibitishwe kwamba hana uwezo. Kwahiyo bibi wa miaka sabini anatafuta mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti hayupo, njoo kesho. Anapata barua, anakwenda kwa mtendaji agonge muhuri, mtendaji yuko semina. Picha anaambiwa apige, studio iko mjini. Alafu akifika hospitali anapelekwa ustawi wa jamii, ofisi imefungwa saa tisa na nusu. Yaani umasikini wenyewe unataka nauli ili uthibitishwe! Mwenye hela kidogo ya kuzunguka ndo anapata karatasi ya kusema hana hela. Yule ambaye hana kabisa hapati karatasi. Ipo mitaa watendaji wamekaa chini wakaorodhesha wazee wote kwa mpigo wakawapelekea vitambulisho nyumbani, inawezekana kabisa, haihitaji mfadhili, inahitaji mtendaji kuamka na daftari.

Na presha na sukari. Zamani tulikuwa tunasema magonjwa ya matajiri, basi siku hizi njooni muone wavuvi wa Sahare na akina mama wa sokoni wanavyoanguka. Malaria unaitibu siku tatu ukamalizana nayo, presha ni kidonge kila siku mpaka unaingia kaburini, na vidonge vingine zahanati hazina, ni mpaka hospitali. Mzee wa Maramba kila mwezi nauli kwenda na kurudi kufuata vidonge. Mwezi wa kwanza anakuja, wa pili anakuja, mwezi wa masika anaruka, alafu unasikia kapooza upande mmoja. Watu wanasema kapigwa jini. Jini gani, ni nauli hiyo.

Walemavu nisiwasahau, ingawa muda unakimbia. Kitanda cha kujifungulia kirefu mama wa miguu mibovu atapandaje. Kiziwi anaitwa jina lake kwenye foleni kwa mdomo, anapitwa, anakaa mpaka jioni. Hili hata halihitaji bajeti, mguse bega.

Sasa bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na wakati inapita Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa kama asilimia 15 hivi. Kabla ya hapo kulikuwa na CHF, ule Mfuko wa Afya ya Jamii, ilianza kujaribiwa Igunga mwaka 1996, ikaja ile iliyoboreshwa, elfu thelathini kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Elfu thelathini kwa mwaka ukiisikia ni ndogo. Ila elfu thelathini kwa mkupuo mmoja, mwezi wa pili, chakula kimeisha ndani na ada ya shule inadaiwa, hiyo sio ndogo, watu wanakopa kausha damu kwa hela chini ya hapo. Na kaya ya watu sita, Tanga hii? Baba, mama, watoto watano, bibi mzaa baba, mtoto wa marehemu shangazi. Mmeshafika tisa. Nani anaachwa nje ya kadi? Anaachwa bibi, na bibi ndo mgonjwa kuliko wote.

Mimi naiunga mkono bima, wala msije mkaenda kusema nesi mstaafu kapinga bima. Kulipa ukiwa mzima na wengi mkichangiana ni bora kuliko kuuza mbuzi ukiwa umelazwa, nyie wa vikoba mnaielewa hiyo kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba kadi haiwi kidonge. Wengi walikata CHF mwaka wa kwanza, wakaenda zahanati, wakaambiwa dawa hamna, mwaka wa pili hawakurudi kulipa, na walikuwa sahihi. Ukitaka mtu wa kijijini akate bima jaza stoo ya dawa kwanza. Hakuna tangazo la redio litakaloshinda stoo iliyojaa.

Nasikia mama hapo nyuma anasema na lugha chafu za manesi. Nimekusikia, sikimbii. Lugha chafu ipo na haina kisingizio, aliyekupiga kofi leba alikosa na anatakiwa kushtakiwa. Ila ngoja nikueleze na upande wa pili. Ikama ya serikali ya mwaka 2014, yaani hesabu ya watumishi wanaotakiwa, ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Nendeni mkahesabu ya kwenu. Watatu? Wawili? Nilikokaa mimi kuna kipindi nilikuwa mwenyewe, nazalisha, nachanja, natoa dawa, naandika ripoti usiku kwa tochi ya simu, maji nanunua kwenye madumu. Binti wa miaka 24 anapangiwa kijiji hakina nyumba ya mtumishi, anapanga chumba kinachovuja, baada ya mwaka anatafuta uhamisho kwa udi na uvumba, au anaolewa mjini. Kijiji kinabaki na jengo lina bati jipya na kufuli. Kwahiyo kijiji kinachojenga nyumba ya nesi kabla ya kupaka rangi zahanati kina akili, nimeviona vijiji hivyo na manesi wao wanakaa.

Sasa nije kwenye ile mbuzi wawili, mana hapo ndo nataka muondoke na kitu mkononi. Yule mama aliambiwa mseto umeisha, akakubali, akaondoka. Sisi wote tumezoea kuambiwa dawa zimeisha kama tunavyoambiwa mvua imeisha, kazi ya Mungu. Hapana jamani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 pesa za mfuko wa pamoja wa afya, ule wanaochangia wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, haziishii halmashauri kama zamani. Zahanati ya kijijini kwako ina akaunti benki. Na ina Kamati ya Usimamizi wa Kituo, na wajumbe wake wengi ni wananchi kama nyie, sio waganga. Hiyo kamati ndo inapitisha mpango na matumizi. Dawa zikija kutoka Bohari ya Dawa kamati inatakiwa ishuhudie mapokezi, iyahesabu maboksi. Na Bohari wakisema dawa fulani hawana, kituo hakitakiwi kukaa kimya, kinatakiwa kiende kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyeingia mkataba na mkoa, kinunue kwa ile pesa ya kwenye akaunti. Kwahiyo kati ya dawa kuisha na mama kuambiwa kanunue nje kuna hatua kama tatu za watu kufanya kazi, na kila hatua ina mtu mwenye jina.

Nimekaa kwenye hizo kamati kama katibu, mganga mfawidhi anapokuwa hayupo. Niwaambie zinavyokwenda. Wajumbe wanaitwa, wanapewa soda, wanapewa karatasi, wanasaini. Mjumbe mmoja alikuwa anasaini kabla hata sijamaliza kusoma, anawahi mnadani. Watu wazuri tu, hakuna aliyewaambia kwamba wao ndo mabosi pale. Siku moja akaingia mjumbe mpya, mama muuza samaki, darasa la saba, huyo akauliza hii laki mbili ya usafi imesafisha nini na choo kimejaa? Kikao kilikaa kimya nikasikia kuku nje. Mwezi uliofuata choo kilitapishwa. Mtu anayeuza samaki huwezi kumdanganya hesabu.

Kwahiyo nyie wa vikoba, mnaotunza daftari la mikopo ya watu thelathini bila kupotea shilingi, mnashindwaje kuingia kwenye kamati ya zahanati? Nafasi zikitangazwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, huwa mnaacha wanaume wanaopenda vikao ndo wanagombea, alafu anayekwenda kliniki kila mwezi ni wewe. Ulizeni kwenye mtaa wenu wajumbe ni akina nani, muda wao unaisha lini. Ulizeni mapato na matumizi yabandikwe ukutani, hiyo ni haki, msiombe kwa kunong'ona. Ulizeni mara ya mwisho mseto kuisha ulikaa siku ngapi bila kununuliwa. Na mkienda nendeni wengi, mana mama mmoja akiuliza anaitwa mkorofi, na siku akienda kujifungua anakumbushwa jina hilo. Wakienda kumi wanaitwa wananchi.

Na wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba, serikali imeuzindua upya mpango wao Januari 2024 na inataka wafike zaidi ya laki moja na thelathini nchi nzima ndani ya miaka mitano. Huyo ni mtu wa kumshika, mana yeye ndo pekee kwenye mfumo mzima anayeanzia mlangoni kwa mgonjwa. Akija kwako usimwambie wote wazima tu ili aondoke uendelee kupika. Mwonyeshe bibi aliyelala ndani, mwonyeshe yule binti mjamzito mnayemficha. Na kamati ikikaa, iulize huyu mhudumu posho yake inatoka vizuri, ana hata baiskeli ya kuzungukia? Mana tukimwacha azunguke kwa mguu na njaa, atazunguka nyumba za jirani na kwake tu, na wa mbali watabaki wa mbali vilevile.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mtu wake wa kunivuta kanga nikizidisha muda ameshasimama. Katibu wa kikundi ana karatasi ya kuandika majina ya walio tayari kugombea kamati kwenye mitaa yao, iko mezani pale karibu na birika. Kalamu ni moja msiondoke nayo. Mama wa mtandio wa njano umenyanyua mkono tangu tuko Pangani, sema mwanangu, spika hiyo inakuja.